Mzee wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Ukaguzi wa Nyumba

YAH: MZEE MMOJA ASIYETAJWA KATIKA RIPOTI YENU YA KURASA THELATHINI NA NNE

Ndugu Mkuu,

Kichwa cha barua hii kinajieleza, lakini kwa kuwa ofisi yako imeshathibitisha kwamba inaweza kusimama mbele ya jambo na isilione, nitalieleza tena taratibu.

Miezi mitatu iliyopita, kasoro siku chache, nilitaka kununua nyumba. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, nikaja kwenu. Mlinipa mkaguzi, bwana mpole mwenye tochi mbili, ngazi ya kukunja na kipima unyevu. Akaizunguka nyumba kwa saa tatu na nusu, akaniletea ripoti. Niliisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi, kama ninavyosoma kila kitu. Nikanunua.

Jumamosi tulipohamia, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka saba, tulikwama na kabati kwenye korido. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, akatoka mzee mwenye sweta ya kijani na kikombe cha chai mkononi. Akalitazama kabati, akatutazama sisi. "Hilo halipiti hapo, wanangu," akasema. "Ling'oeni miguu kwanza." Tukaling'oa miguu, likapita. Kisha akatukaribisha, akatuomba tujisikie tuko nyumbani.

Ni mjomba wa aliyetuuzia nyumba. Ni fundi bomba mstaafu, na amekaa katika chumba kile miaka ishirini na sita. Nilimpigia simu muuzaji, ambaye siku hizi anaishi mbali na kwa sauti yake anapendezwa na umbali huo. "Mjomba?" akauliza. "Kwani ripoti inasemaje?" Nikamjibu kwamba ripoti haisemi kitu. "Basi kama hayumo kwenye ripoti, hayumo kwenye nyumba," akasema, na simu ikakatika.

Nikaifungua ripoti upya. Ukurasa wa kumi na tisa, nanukuu yote: "Chumba cha nyuma: hakikukaguliwa. Mlango umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Unyevu wa ukuta: wa kawaida. Harufu: chai."

Ndugu Mkuu, komeo la ndani halijifungi lenyewe. Mkaguzi wako alishika kitasa, akasukuma, akaupima ukuta, akanusa chai ya mtu ikiwa bado moto, akaandika, akageuza ukurasa. Nakiri kwamba nami niliipita sentensi hiyo mara mbili. Ule mkato baada ya neno "komeo" niliuongeza mimi, kwa kalamu yangu nyekundu. Lakini mimi ni mteja, sikulipwa kushangaa. Aliyelipwa kushangaa ni yeye.

Kwa hiyo, kwa faida ya wateja watakaokuja baada yangu, naorodhesha hapa chini mambo ambayo ripoti ya mkaguzi wa nyumba inapaswa kuwa nayo, pamoja na hasara niliyopata kwa kuyakosa.

1. Ripoti ianze kwa kuwaorodhesha wote wanaopumua ndani ya nyumba. Katika ripoti yangu, mchwa wa fremu ya dirisha la jikoni wamepewa aya nzima na picha mbili za rangi. Popo wa darini, ambaye siku hiyo hata hakuwepo, ametambuliwa kwa kinyesi chake. Mzee ana kilo zisizopungua sitini, anakohoa, anavaa sweta inayoonekana kutoka barabarani, na hana hata nukta. Nauliza kwa heshima: ilimpasa atafune fremu?

2. Mkaguzi alale. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, na hawakusema nyumba usiyoipigia tochi. Napendekeza siku saba, na mkeka aje nao. Mkaguzi wako angelala siku moja tu, angeamshwa saa kumi na mbili asubuhi na mlio wa spana kwenye chuma, kisha kikohozi, kisha redio ikisoma matangazo ya vifo, kisha sauti ya mzee akieleza, bila kuulizwa, nani kati ya marehemu hao aliwahi kumwita kuzibua sinki na hakushukuru.

Hapo pia mkaguzi angejifunza ni nani mgeni na ni nani mwenyeji, jambo ambalo mimi lilinichukua siku tatu. Tumezoea kusikia kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Siku ya tatu mzee alinipa mimi ufagio.

3. Ripoti iseme mfumo wa maji unaendeshwa na nani. Ukurasa wa kumi na moja mmeandika: "Mfumo wa maji unafanya kazi vizuri." Ni kweli. Unafanya kazi vizuri kwa sababu kuna koki iliyozikwa chini ya kigae katika chumba kile mlichoshindwa kuingia, na kila asubuhi lazima ifunguliwe kidogo tu, irudishwe kidogo zaidi, bomba ligongwe mara mbili kwa spana, la sivyo maji hayapandi kwenye tangi. Aliyeiweka koki hiyo ni yeye. Nilipomwomba anionyeshe, alinitazama mikono kwa muda mrefu. "Wewe ni mtu wa kalamu," akasema, na akafunika kigae. Kwa maneno mengine, ndugu Mkuu, mliukagua mkono wa mzee mkaandika bomba.

4. Ripoti ikadirie kasi ya familia kuhamia upande wa aliyemo. Kwa ufa wa ukuta mmeandika kwamba unaweza kupanuka milimita mbili kwa mwaka. Kwa nini hamkuniambia kwamba binti yangu atapotea kwa alasiri moja? Alifundishwa kuzibua sinki, akarudi sebuleni ananuka kutu na furaha. Ndiye aliyembatiza mzee jina la Babu Komeo. Wiki iliyofuata mwalimu aliwaagiza wachore familia zao. Binti yangu alimweka Babu Komeo katikati na mama yake kando yake. Mimi nipo pembeni, karibu kabisa na ukingo wa karatasi, mdomo wazi. Nilimwuliza nilikuwa nafanya nini pale. "Unasoma barua," akasema.

Mke wangu alishikilia msimamo siku nne, na nampa sifa zake. Siku ya tano niliwakuta jikoni wakimenya viazi na kunicheka, na hawakuwa na adabu ya kuacha nilipoingia. Nilipomweleza kwamba nakusudia kumtoa mzee kisheria, hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mtoe. Lakini ujue hata chumba chetu kina komeo, na lipo kwa ndani." Nimelikagua. Lipo, na ni imara, na nalo halimo kwenye ripoti yenu.

5. Nyumba yenye maoni iuzwe kwa tahadhari ya maandishi. Mimi, ndugu Mkuu, naandika barua. Nimeandika kuhusu barabara, kuhusu spika za maduka, kuhusu kamusi tatu na watunzi wake. Mhariri mmoja aliniomba nipumzike, mwingine aliniomba nihame. Kila barua huisoma kwa sauti jikoni kabla ya kuituma, ili nisikie kama inauma. Kwa miaka kumi na tisa familia yangu imesikiliza kwa heshima, au walau kwa kimya. Sasa mzee huvuta kiti, huweka kikombe chini, husikiliza mpaka mwisho, kisha husema lilelile: "Hasira unayo ya kutosha nyumba tatu, mwanangu. Ila sijaona unachotaka."

Nina miaka hamsini na mbili. Nimejibizana na mameya. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na tangu aniambie nimeanza barua sita nikazikwamisha katikati, kila moja mahali nilipotakiwa kusema ninachotaka. Mkaguzi wenu aliandika kwamba sakafu ya korido "inalalamika ikikanyagwa". Hilo ni la sakafu. Kwamba kuna mtu humo ndani atakayenikanyaga mimi, hakuandika.

6. Ripoti iseme wazi ni nani atakayebeba kilichosahaulika. Hapa nashukuru, kwa sababu tayari inasema. Mkataba wenu, kifungu cha saba: "Kasoro yoyote iliyokuwepo siku ya ukaguzi na ambayo haikutajwa itarekebishwa na ofisi yenyewe, iwapo mteja ataidai ndani ya siku tisini. Baada ya hapo itahesabiwa kuwa mali ya mteja."

Tuende hatua kwa hatua. Mzee alikuwepo siku ya ukaguzi, na chai yake ni shahidi. Hakutajwa. Kwa hiyo mzee ni kasoro, kwa mujibu wa maandishi yenu, si yangu. Kasoro ni jukumu la ofisi. Kwa hiyo mzee ni wenu. Siku ya tisini ni Ijumaa hii. Nikikaa kimya mpaka Ijumaa jioni, nitakuwa nimemkubali moja kwa moja, yeye na sweta yake, redio yake, spana yake, na lile neno lake la kila barua.

Nami, ili nisije nikaambiwa tena kwamba sijasema ninachotaka, nasema: nataka mje mmchukue. Njooni Alhamisi kabla ya saa nne, maana saa nne hunywa chai na hainuki. Leteni gari lenye kiti cha mbele, nyuma humwumiza mgongo. Nilipita ofisini kwenu wiki iliyopita nikapima benchi la mapokezi kwa futi yangu, anaenea akikunja magoti kidogo. Bomba la choo chenu cha wateja linavuja, nimeliona. Kwa wiki moja litakuwa limepona, na wafanyakazi wako wote watakuwa upande wake, na wewe, ndugu Mkuu, utachorwa pembeni.

Iwapo hamtaki kumchukua, basi mrekebisheni palepale alipo. Asikilize barua bila kusema kitu. Kwa upande wangu hilo linatosha kuwa ukarabati.

Naomba mnisalimie karani wa mapokezi, aliyenishikia ncha ya futi bila kuuliza ni ya nini. Mlinzi wa getini naye mpeni salamu. Mkaguzi mwenye tochi mbili mwambieni sina kinyongo naye, ila siku nyingine akikuta mlango umefungwa kwa ndani, abishe hodi. Binadamu wamekuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu na mara nyingi huitikiwa. Wote waliobaki ofisini, pamoja na wale ambao ripoti zenu hazijawaona, nawasalimu.

Nabaki, kwa hasira iliyopangwa vizuri,

Mwenye nyumba (kwa mujibu wa hati)

Nakala: Muuzaji, popote alipo.

Nyongeza. Barua hii niliisoma jikoni Jumatatu, kama desturi yangu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri neno lake. Akanywa chai iliyobaki, akasema, "Leo umeandika vizuri, mwanangu. Sasa nimeona unachotaka." Akaenda kulala.

Jumanne asubuhi alikuwa ameondoka. Amekwenda kwa mpwa wake wa kike, safari ya saa tano kwa basi, na sijui kama alipata kiti cha mbele. Alichukua redio na kikombe. Spana ameiacha juu ya kigae, na bawaba za mlango amezitia mafuta.

Leo ni Jumatano. Koki nimeifungua kidogo, nikairudisha kidogo zaidi, nikagonga mara mbili, nikagonga mara ishirini. Tangi halina tone. Mke wangu anazungumza nami kwa upole, jambo linalonitisha kuliko lile komeo. Binti yangu amehamishia kiti chake chumba cha nyuma, amejifungia kwa ndani na hajibu hodi. Sasa najua hodi huwa haijibiwi kila mara, na mkaguzi wenu namwomba radhi kwa hilo.

Ningeichana barua hii, lakini sijawahi kuchana barua yangu hata moja. Kwa hiyo ipokeeni kama ilivyo, mfute hoja ya kwanza hadi ya sita, na muisome hii tu.

Ripoti yenu, ukurasa wa kumi na moja, inasema maji yanafanya kazi vizuri. Hayafanyi. Ukurasa wa kumi na tisa unasema chumba cha nyuma kina harufu ya chai. Nimesimama kwenye korido nikanusa mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Hakina. Nyumba niliyo nayo si ile mliyoiandika, na madai haya nayaleta kabla ya Ijumaa. Nadai nyumba yangu irudishwe katika hali iliyomo kwenye ripoti, yaani mlango ufungwe kwa komeo, kwa ndani, na wa kuufunga awe yeye.

Anwani ya mpwa wake nimeiambatanisha. Gari la kwenda huko ninalo mwenyewe, ninachohitaji ni barua yenye mhuri wenu isemayo kwamba anatakiwa nyumbani, kwa sababu barua yangu hataiamini. Maji ya kuchemsha nimeomba kwa jirani, na birika liko jikoni tayari. Ila sijui yeye hutia tangawizi kiasi gani, na hilo nalo hamkuliandika.