Simaloi Anataka Uuguzi, Mimi Nataka Daktari

Jumatatu, 14 Julai
Simaloi, mjukuu wangu niliyemlea, amepata matokeo ya kidato cha sita. Amefaulu! Nikapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia. Kumbe sijamaliza kusikiliza. Akaniita koko, kwa Kimaasai chetu, badala ya bibi, kwa sauti laini, nikajua kuna jambo. Alama hazitoshi kuingia udaktari moja kwa moja. Ataomba diploma ya uuguzi, afanye kazi kwanza, ndipo arudi kusomea udaktari. Maombi yanafungwa Ijumaa.

Uuguzi! Na mimi nimeshaliambia kanisa zima ni daktari! Jirani yangu Silantoi amecheka mpaka akaegemea uzio. Mjukuu wake Nelson yuko Moshi anasomea maabara. Kazi ya kupokea mikojo ya watu, na bado bibi yake anatembea kama mkuu wa wilaya.

Jumanne, 15 Julai
Nimebeba kibuyu cha maziwa mgando, nikamburuta Simaloi hadi zahanati. Daktari Abdiel amtie akili. Nikaeleza yote. Akakuna shingo. Akasema, koko, mimi ni muuguzi. Nikamwambia asinitanie, nina umri wa mama yake. Akasema hajawahi kujiita daktari, ni sisi na koti lake jeupe.

Miaka kumi na tisa! Ameshona mguu wangu. Ndiye aliyempokea huyo Simaloi akizaliwa. Na Simaloi alikuwa anajua! Eti imeandikwa mlangoni. Nimedai kibuyu changu. Maziwa alikuwa ameshayamimina.

Alhamisi, 17 Julai
Akili yangu haijalala. Simaloi alipokwenda kuchota maji nimetoa cheti chake cha kidato cha nne sandukuni, nikashuka Oldonyo Sambu kwa Lesian mwenye steshenari, anayewajazia watu maombi kwenye kompyuta. Nikasema mjukuu ana homa, amenituma. (Mungu anajua ni homa ya ukaidi.)

Akanisomea kozi. Uuguzi, utabibu, famasia. Majina mafupi mafupi, ya watu wadogo. Mwishoni akasoma moja refu, hata yeye alimeza mate katikati. Nikamwambia weka hilo, hao ndio madaktari wenyewe. Akauliza kama nina hakika. Mimi! Akabonyeza. Nimerudi nikiimba.

Ijumaa, 18 Julai
Balaa. Simaloi amejaribu kuomba kwa simu, akajibiwa ameshaomba. Lile jina refu kumbe ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mafaili! Mtoto wangu akae anapanga makaratasi, hata sindano asishike!

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kumjibu. Alikaa kwenye kigoda, machozi yanadondokea simu, akasema, koko, dirisha la maombi likifungwa leo, mwaka mzima niko hapa nachunga mbuzi. Nikaona aibu. Kidogo.

Tukashuka mbio kwa Lesian, maana nywila ya lile ombi anayo yeye, mimi na magoti yangu haya. Lesian alikuwa anafunga duka. Nikakaa kizingitini, nikamwambia afunge basi, na mimi nikiwa hapohapo. Akawasha kompyuta huku ananung'unika. Simaloi ameandika uuguzi kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilitazama ukuta.

Jumapili, 24 Agosti
Amechaguliwa! Uuguzi, chaguo la kwanza. Miaka mitatu, kisha kazi, kisha udaktari Mungu akipenda. Ameniapisha juu ya Biblia nisimchagulie tena kozi yoyote. Nimeapa kwa moyo safi. Mtoto anajua njia yake, na mimi nimejifunza.

Baada ya ibada nikamkuta Silantoi anapapasa ngazi za kanisa. Ana mtoto wa jicho, wanampeleka mjini wiki ijayo kutibiwa. Nikamwambia asithubutu. Simaloi atakuwa daktari wa macho, nimeshaamua. Avumilie tu. Miaka kumi si mingi.