Ukuta wa Rugenge kwa Mujibu wa Waajemi

Waheshimiwa wakuu wa mitaa, waheshimiwa wasaidizi wao, wasaidizi wa wasaidizi, baba Padri, baba Mchungaji, wafanyabiashara wa Kavimvira, wakulima wa Luberizi mliokuja mkidhani tunagawa mbegu, na ninyi wananchi watukufu wa Rugenge ambao mto juzi uliwapitia uani: mimi, Havyarimana, Mratibu wa Muda wa Ukuta wa Mto, nawasalimu. (Makofi ya watu wawili.)

Mnauliza habari za ukuta. Kabla ya kujibu nimesoma miezi saba wanahistoria wa Uajemi wa kale, kwani mtu hawezi kuzuia maji bila kuielewa karne ya kumi na tatu. (Mama mmoja: "Eeh!") Wale mabwana hawakuandika yaliyopita ili tujue kilichotokea tu, bali ili mfalme ajifunze: akitenda haki, mvua hunyesha kwa kipimo na ng'ombe hunenepa, akidhulumu, mambo huharibika na enzi huanguka. Na mwandishi mara nyingi alikuwa karani wa mfalme yuleyule, akila chakula chake. Hiyo ndiyo metodolojia! Tumeitekeleza kwa asilimia mia moja na nne.

Evaluasio yetu, yaani tathmini, imethibitisha kwamba mafuriko ya mwaka jana yalitokana na dhuluma ya mratibu aliyenitangulia. (Sauti: "Na ya juzi?") Ya juzi yalikuwa masalio yake.

Tena, baadhi ya wale Waajemi walitaka kila habari itajwe na watu walioipokezana. Habari ya ukuta wetu ninayo kamili: Bonaventure aliisikia kwa Kizito, Kizito kwa shemeji yake, na shemeji yake kwangu.

(Mama Capitoline, mjane anayekaa hatua kumi na mbili kutoka mtoni, anasimama: "Mratibu, minye niko na batoto bane na mvula iko inakuya. Weye mwenyewe uliuona ule ukuta?")

Swali la kisayansi, mama. Karani wangu Délice ameshaandika raporo ya ukuta, sura kumi na moja: msingi, mawe, mita mia sita, hata machozi yako ya furaha, ukurasa wa arobaini.

("Minye sikulia!")

Utalia, mama. (Kicheko, mama hacheki.)

Haki juu! Maji chini! Raporo mbele! Nawashukuru nyote, hasa mama Capitoline, ambaye maji yalibeba jiko lake yakamwachia mawe matatu ya kupikia: tunaomba atuazime jiwe moja tulipige picha ya jalada la raporo, maana sisi bado hatujanunua hata moja.