Kingereza cha Upande wa Pili wa Mkeka

Jamaa zangu wa Lamu, leo sina uso. Ninao, lakini ningependa kuuacha nyumbani siku tatu hivi. Nawaandikia upesi kabla shemeji yangu Athumani hajawaandikia, maana yeye atatia chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo tele.

Mnajua hali yangu. Miaka ishirini ya uhamali pale Forodhani, halafu kasha la misumari likatuangukia watu watatu. Wenzangu hawakuinuka. Mimi niliinuka (nusu). Nikapewa pole na bilauri ya maji, na kesho yake nikaitwa tena kubeba. Tangu siku ile mgongo huu hauna amani. Na tangu wazungu walete reli, mji mzima unatafuta makarani. Kazi ya kukaa! Kwenye kiti! Mtu mwenye mgongo kama wangu akisikia neno "kukaa" hutokwa na machozi.

Basi mwaka jana nikaingia darasa la Mwalimu Yohana. Huyu ni mkosaji wa kwanza, namtaja jina wazi. Ni mtu wa Kisauni, alilelewa na wamishonari, mpole kuliko kondoo, na hufundisha Kingereza kila alasiri barazani kwa Athumani, nyuma ya Ndia Kuu. Kitabu anacho kimoja. Kimoja tu, nasi watu watano wenye ndevu. Anakileta kimefungwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, anakifunua, anakiweka mkekani mbele yake, na hakuna ruhusa kukigusa. Asema vidole vyetu vina halua. (Vya Athumani, ndiyo.)

Mwalimu hushika kijiti, hufuata maneno, nasi huimba pamoja. Tumesoma habari za mtoto aliyepoteza kofia yake kwenye theluji. Theluji ni nini, Mwalimu mwenyewe hajaiona, lakini kwa namna anavyoisimulia mnatamani kujifunika blanketi. Kuandika hatujaanza. Alisema tumalize kitabu kwanza.

Sasa, mkosaji wa pili. Athumani fundi cherehani, kwa kuwa baraza ni yake na tumbo pia ni lake, alijitwalia nafasi ya kulia kwa Mwalimu. Salimu muuza kahawa akatwaa ya kushoto. Wawili waliobaki wakachungulia mabegani. Mimi nikaketi mbele, upande wa pili wa mkeka, kwa sababu huko kuna nguzo ya kuegemea. Mgongo ulipendezwa. Akili nayo haikulalamika, maana nilipotazama kitabu, niliona maneno yanaanzia kulia kwenda kushoto, sawasawa na herufi zetu za Kiarabu za chuoni. Nikafurahi sana. Nikasema, kumbe wazungu nao ni watu wenye taratibu! Tofauti niliyoiona ni moja tu, kwamba wao huanzia mstari wa chini wakapanda juu. Nikasema hiyo ni ada yao, kila taifa lina yake.

Mwaka mzima, jamaa. Mwaka mzima! Mabao ya maduka ya Wahindi pale Ndia Kuu nilipoona hayasomeki, nilidhani ni Kigujarati. Nikayaheshimu, nikapita.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yangu. Ghala moja kule bandarini walitaka karani wa pili. Mke wangu Mwanaisha alikuwa ameipiga kanzu pasi tangu jana, akaifukiza udi, akawatangazia majirani mpaka wa mtaa wa pili. Nilipokuwa navaa aliniambia kwa upole, "Baba Fatuma, ukirudi na kazi, kamba ile ya uhamali nitaifanyia kamba ya kuanikia nguo." Nikatoka nikiiona kamba ile imening'inia msumarini, nikaiaga kwa jicho.

Athumani akanisindikiza hadi mlangoni mwa ghala, akinikumbusha habari za theluji njia nzima.

Ndani kuna Bwana mmoja Mzungu, mrefu, masharubu kama brashi ya chokaa, na karani wake Mgoa aitwaye Fransisi. Nikatoa sabalkheri na jina langu. Nikaelekezwa kiti. Nikakaa! Meza katikati, Bwana upande ule, mimi upande huu. Nikajisemea, hapa ni barazani kwa Athumani, sema hakuna Athumani.

Bwana akanipa karatasi. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaanza upande wa kulia, mstari wa chini, kama nilivyofunzwa. Hakuna kitu. Herufi zimelala chali, nyingine zimesimama kwa kichwa. Nikatoka jasho. Nikapanda mstari wa pili, mambo ni yale yale. Nikafikiri, nikapata jibu la kistaarabu. Nikaiweka mezani taratibu nikasema, "Bwana, samahani, hii si Kingereza."

Fransisi aliacha kuandika.

Bwana akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Kiswahili anacho, cha kutosha kugombana na mpishi. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika kabisa. Akanyoosha mkono nyuma akachukua gazeti, akanipa. Nikaligeuza ukurasa huu na huu, nikatikisa kichwa kwa huruma. Nikamwambia hili nalo ni la taifa lile lile.

(Nilimwambia Mwingereza, ofisini kwake, kwamba gazeti lake si Kingereza. Nilimwonea na huruma!)

Bwana akalirudisha gazeti mahali pake. Akafungua daftari kubwa, akachovya kalamu, akaanza kuandika kwa herufi zilizosimama mojamoja kama za kitabu. Na hapo, wallahi, moyo wangu ulifunguka. Maneno yalikuwa yanatoka safi kabisa, yanaanzia kulia kwangu yanakwenda kushoto, moja baada ya jingine, yote ya somo la kumi! Sikungoja kuambiwa. Nikanyoosha kidole, nikayasoma kwa sauti ile ile tunayoimbia barazani, neno kwa neno, kwa Kingereza kilichonyooka:

"Mtu huyu hajui kusoma."

Nikatabasamu. Kisha maana ikanifikia.

Kalamu ya Bwana ilisimama hewani, tone la wino likaanguka daftarini. Fransisi akainamia meza, mabega yanamtikisika. Nikaona kamba yangu msumarini inanisubiri. Nikasimama niondoke na heshima iliyobaki, lakini Fransisi akaja, akaichukua ile karatasi ya kwanza, akaigeuza juu chini, akaiweka mbele yangu. "Jaribu sasa, Mzee Faraji," akasema.

Nikaisoma yote. Sukari, misumari, mabati, mafuta ya taa, kuanzia chini hadi juu, bila kukwama. Bwana alijifunika uso kwa kofia yake. Nilidhani analia. Hakuwa analia.

Alipopata pumzi, waliongea wao kwa wao, kisha Fransisi akanieleza. Daftari la ghala ni moja, na yeye na karani aliyekuwapo walikuwa wakiligombania kwenye benchi moja, kiwiko kwa kiwiko. Mimi nitakaa ng'ambo ya meza. Yeye ataandika upande wake, mimi nitasoma upande wangu, niwaitie mahamali mizigo kwa sauti ile ile ya kuimba. Nianze Jumatatu. Bwana akaongeza sharti moja mwenyewe: akiandika barua zake, nitazame dirishani.

Alasiri nikaenda barazani na hasira zangu zote nimezipanga. Nikamweleza Mwalimu Yohana alivyonifanya. Akaangalia kitabu, akaangalia nguzo yangu, akaona. Machozi yakamlenga. Akakishika kitabu chake kwa mikono miwili na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakigeuza kinielekee mimi.

Jamaa, ningemlaumu vipi tena? Nikakirudisha kama kilivyokuwa. Nikamwambia, "Kiache, Mwalimu. Mkate wangu uko upande huu."

Nikataka kukaa mahali pangu nikakuta pamejaa. Athumani, Salimu na wenzao wote wameshabanana nguzoni, kila mmoja anataka kusoma barua za wazungu. Kwa Mwalimu hakuna hata mmoja.

Kamba Mwanaisha ameshaifunga uani, ina kanzu yangu juu yake. Tafadhali msicheke. Barua hii nimeiandika kwa herufi zetu, kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini, nimehakikisha mara mbili. Mkiona haisomeki, igeuzeni.