Pweza wa Madame Nshobole Hajafa

Jumatatu, 5 Agosti

Annexe yetu, nyumba ndogo ya uani, imepata mupangaji. Madame Nshobole, wa Bukavu, mutafiti wa pweza. Miaka mingi kule Muanda, baharini. Ijumaa atatoa conférence kwenye salle ya paroisse, ukumbi wa kanisa. Tena amemuambia Mama kwamba likizo ijayo atamuchukua kijana mumoja wa mutaa wetu wa Majengo akamusaidie kwenye kazi yake huko Muanda.

Huyo ni mimi. Tangu nione pweza kwenye kitabu cha biologie sijataka kazi nyingine. Shida ni ulimi. Madame ameniuliza jina langu. Nimejibu, "Ndiyo."

Aubin wa jirani hana shida hiyo. Amebeba valise zote, amemuita Maman Professeur, amecheka hata pasipo na kichekesho. Mutu hacheki vile bure.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefagia chini ya dirisha la Madame mpaka Mama akauliza kama nimepoteza kitu. Juu ya meza kuna bocal kubwa, chupa ya kioo yenye mudomo mupana. Ndani, pweza muzima! Kifuniko kimefungwa kwa mupira wa baiskeli. Watasema amekufa. Maiti inafungwa ili iende wapi?

Jana Madame alimuelezea Mama kwamba pweza anaweza kufungua kifuniko akiwa ndani, na akiogopa anajifanya jiwe. Leo asubuhi nimemusikia akimusalimia pweza: "Mbote, muzee." Kisha Aubin akaingia na sachet ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Eti za chakula cha jioni. Cha nani?

Halafu chukudu, ile baiskeli ya mbao, yenye viazi kutoka Kibumba ikapita barabarani ikirukaruka juu ya mawe ya volcan. Meza ikatetemeka. Mukono mumoja wa pweza ukanipungia.

Jumatano, 7 Agosti

Madame ameenda kuangalia salle. Ufunguo wa annexe huwa kwa Mama, juu ya kabati. Nimeingia.

Maji ya bocal yananuka pombe. Maskini, wanamulevya! Ndiyo sababu haogelei. Nimeimwaga yote. Nimeleta bidon ya maji ya ziwa, nimetia chumvi yote ya jikoni, nikionja mpaka ikawa kama machozi. Bahari ni hiyo. Nimemurudisha taratibu, nimefunga mupira kama ulivyokuwa. Amegeuka akaniangalia. Akipona Ijumaa mbele ya watu wote, tutaona nani anaenda Muanda.

Jioni mboga ya sombe haikuwa na chumvi. Mama amesema kwamba ndani ya nyumba hii kuna mwizi. Nimesema nilimuona Aubin karibu na jiko. Ni kweli. Ilikuwa Pasaka, lakini nilimuona.

Ijumaa, 9 Agosti

Salle imejaa. Madame ameongea vizuri, hata watoto wamenyamaza. Mwishoni akafungua bocal.

Harufu ile siwezi kuiandika. Muzee Balagizi wa chorale amefunika pua kwa kofia, ameuliza kama hiyo ndiyo science tunayosomeshea watoto. Mabenchi yakabaki matupu. Aubin akabaki anafungua madirisha. Haraka sana. Kama mutu aliyejua.

Madame hakupiga kelele. Amesema muzee wa bocal alikuwa pweza wake wa kwanza, alitambua hatua zake mulangoni, amekufa siku nyingi kwa uzee, naye amemubeba kwenye kila conférence. Alimuinua. Mukono ukamenyeka vidoleni mwake kama sabuni.

Sikula.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegonga annexe. Ulimi umefanya kazi: "Ni mimi, Madame. Alikuwa anakosa hewa."

Ameniangalia sana. Ameuliza kama nilimuona akipumua. Hapana. Kama nilimuuliza mutu yeyote. Hapana. "Basi, mutoto wangu, Aubin ndiye ataenda. Yule anauliza mpaka anachosha."

Nimelia. Hapo akanisogezea kiti. Amesema mutafiti anaanza kwa kutazama bila kugusa. Kilichobaki cha muzee, kichwa na mikono michache, kiko ndani ya alcool mpya. Nikae mbele yake kesho nitazame tu, nimuambie nilichoona. Nikiweza, likizo itakayofuata ni yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya misa nimekaa. Mikono juu ya magoti, kama nilivyoambiwa. Jicho la pweza wazi. Aubin amepita akasema nisijisumbue, amekufa siku nyingi. Madame naye Ijumaa alisema amekufa siku nyingi.

Maneno yale yale. Watu wawili hawasemi maneno yale yale kama hawajapatana.

Na ni nani alisema pweza akiogopa anajifanya jiwe? Madame mwenyewe. Sasa anayejua kujifanya jiwe, atashindwa kujifanya maiti?

Chukudu imepita. Amenipungia, na mikono michache aliyo nayo.

Madame aliporudi akauliza nimeona nini. Nimesema sijaona kitu. Amefurahi, ameniita mutafiti. Kesho atashinda sokoni.

Bidon imejaa, iko chini ya kitanda changu. Nimefikiria sana kosa langu la Jumatano. Safari hii nitapunguza chumvi.