Mngazija wa Gando

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Nimeporwa kazi. Aliyenipora ni msichana mwenye miwani na vespa, anaitwa Wakili Mwanakhamis. Kaja Pemba juzi kutoka Unguja. Shirika la huko limempa ufadhili: mwanasheria aliyemaliza chuo karibuni analipwa posho mwaka mzima ili awasaidie wahamiaji na watoto wao mambo ya sheria. Wahamiaji wenyewe hawatoi kitu. Bure! Sheha Bakar kampa chumba jirani na afisi yake, usoni pa kibaraza changu.

Kibaraza hiki nakikalia miaka mingi, naandika barua na kushauri watu. Sheria nimejisomea katika kitabu kilichopotea mwanzo na mwisho. Katikati yake naijua sana. Mbele ya watu naitwa Bwana Mbarouk. Nyuma naitwa kishoka, yaani wakili wa kujipachika. Hasadi tu.

Asubuhi Mzee Ngwali, mteja wangu mkubwa, kanipita na kuku kwapani, kaingia kwa msichana. Msichana hakumpokea kuku. Kuku kapita tena mbele yangu, anarudi kwao. Nimeumia.

Babake Ngwali alivuka kutoka Msumbiji kuja kuchuma karafuu. Ngwali mwenyewe kakulia hapa hapa Gando, lakini hana kitambulisho, kwa sababu kila akiulizwa asili yake husema kweli. Sasa binti yake, Mize, anaolewa Unguja Ijumaa ya wiki ijayo, na bila kitambulisho Ngwali hapandi meli bandarini Mkoani. Kaambiwa amtume mtu amuozeshee kwa niaba yake. Hataki. Anataka amuozeshe mwanawe kwa mkono wake. Nimemwandikia barua nyingi nzuri. Hazijajibiwa bado.

Jumanne, 6 Septemba

Nimevumisha msikitini kwamba sheria ya bure ni sawa na dawa ya bure, inatibu kikohozi tu. Alasiri foleni ya msichana imefika barabarani. Gando ina vikohozi vingi.

Jumatano, 7 Septemba

Nimeomba ufadhili huo mwenyewe. Wakili kaniuliza nimemaliza chuo mwaka gani. Nikamjibu kwamba wao wanataka mwanasheria mpya, na mimi sijaanza kabisa. Yuko aliye mpya kunishinda? Kacheka kwa adabu, kisha kanikaribisha chai. Chai nimekunywa. Ufadhili sikupata.

Mke wangu, Tatu, kauliza kama kuna ufadhili wa kukaa kibarazani. Huo, kasema, wangenipa bila kunisaili.

Alhamisi, 8 Septemba

Hila ya leo haina mfano. Nataka kuona kazi yake inavyokwenda, nimwige, kisha nimshinde. Lakini anahudumia wahamiaji tu. Basi nimekuwa mhamiaji. Nimemweleza kwamba nilizaliwa Ngazija, visiwani Komoro, nikaletwa Gando nikiwa kitoto cha mgongoni, na siri hii imenikaa kooni umri wangu wote. Hapo nikatoa machozi. Yalitoka vizuri.

Kaniuliza maswali mpaka adhana ya adhuhuri. Jinsi anavyofanya kazi sikuona, maana muda wote nilikuwa nikimjibu.

Jumamosi, 10 Septemba

Balaa! Msichana anafanya kazi kweli. Kesi yangu kaipeleka wilayani pamoja na ya Ngwali. Jumanne afisa wa vitambulisho anakuja kutusikiliza sote wawili. Kitambulisho changu kimeshachukuliwa mpaka ijulikane mimi ni nani. Sheha ndiye aliyekuja kukichukua, na sijapata kumuona kafurahi vile. Kanipa mkono, kaniambia pole, Mngazija.

Msikitini nimepishwa safu ya mbele, kwa heshima ya mgeni. Tatu anataka kujua kama ndoa yake na mtu wa nje iliandikishwa.

Jumapili, 11 Septemba

Nimekwenda kwa Wakili kukiri kwamba nilikuwa natania. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia woga. Kasema maelezo yakishafika wilayani hayamezwi tena. Anatakiwa mtu aliyekuwa nami Gando toka utotoni. Wazee wangu wamekufa. Sheha ni mtu wa Makangale, kahamia hapa ukubwani.

Nikafikiri. Wapo niliotiwa nao jandoni siku moja, kwa ngariba mmoja. Tulikuwa watatu: mimi, marehemu Hija, na Ngwali.

Wakili karuka kitini. Ngwali naye hana shahidi wa utotoni, na siku zote hizo tulikuwa tunapishana mlangoni! Afisa, kasema, atatuuliza mmoja mmoja habari za siku ile. Maneno yetu yakilingana, sote tumepona.

Hapo ndipo penye shida. Siku ile ya jando kuna mtoto alikiona kisu cha ngariba akakimbia uchi mpaka kwenye mnada wa samaki. Miaka yote nimewaambia watu ni Hija. Hija, Mungu amrehemu, hana wa kumtetea.

Jumanne, 13 Septemba

Afisi ya sheha imejaa, madirishani watu wamebebana. Ngwali kaja na kanzu mpya, ile aliyoshonea harusi. Kaitwa mwanzo chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Kisha nikaitwa mimi. Nikaeleza yote sawasawa, ngariba, ngoma, uji tuliokunywa. Nani alikimbia? Nikasema Hija.

Afisa katutoa sote mbele ya watu, kafunga jalada. Kasema maneno hayalingani. Mmoja wetu hakuwepo pale, au hatukuwepo wote, na yeye hawezi kumpa mtu kitambulisho kwa hadithi mbili. Wakili kainamisha kichwa.

Ngwali hakunishitaki. Kaipapasa kanzu yake magotini, kisha kasema polepole, "Yakhe Mbarouk, mie mwanangu anaolewa Ijumaa."

Basi.

Nikatazama madirishani. Gando nzima. Tatu mbele kabisa. Nikasimama.

"Ni mimi niliyekimbia," nikasema. "Sina hata shuka. Mpaka mnadani."

Afisa kauliza nani alinirudisha. Nikasema ni Ngwali. Yeye alikuwa keshatahiriwa, anatembea kama bata, na hivyo hivyo akanifuata njia nzima na shuka lake mkononi, akanifunika, akaniambia tulia, yakhe, ni kama kuumwa na siafu.

"Bata na siafu," afisa kamwambia Wakili. "Vyote viwili kavitaja Mzee Ngwali."

Kicheko kilichotoka nadhani kimesikika Wete. Afisa kanirejeshea kitambulisho changu pale pale. Ngwali kaandikiwa hati ya muda ya kusafiria, kitambulisho chake kitafuata. Kanikumbatia, kanialika harusini. Wakili kalia, kisha kajidai ni vumbi. Tatu kaniambia kwamba hili la mnadani alilijua kabla hajaolewa. Wote walilijua!

Alhamisi, 15 Septemba

Nimo melini, tumeshaondoka Mkoani. Ngwali kakaa wima asikunje kanzu, kila kitambo anaigusa hati mfukoni.

Abiria aliye upande wangu wa pili ni mtu wa Mombasa. Nimemsimulia nilivyoshinda kesi mbili kwa siku moja. Kavutiwa sana. Kaniambia angependa kuhamia Pemba, ila makaratasi yanamtisha. Nimemfahamisha kwamba makaratasi si kitu, muhimu ni kupata mtu mliyetiwa naye jandoni Gando. Kasikitika. Pemba kafika mwezi uliopita tu, kwa mara ya kwanza, hajui mtu.

Nimemwambia asihofu. Umri wake ni wa mwanangu wa kwanza, lakini nimemtazama vizuri usoni, na nimeshaanza kumkumbuka.