Klachi, Mama Mkwe na Yule Antoni

Jumatatu, 3 Juni 2024

Waya wa klachi wa pikipiki yangu unakufa. Nimeuona asubuhi natoka Mkolani kwenda kibandani kwangu. Pale unapoingia kwenye mkono wa klachi, nyuzi zimeachana na kusimama kama nywele za mgonjwa. Na Jumamosi mama yake Justa anakuja kutoka Ukerewe! Tangu nimuoe binti yake hajakanyaga nyumba hii. Nimeahidi kwa simu, mke wangu akisikia, kwamba nitampokea bandarini mimi mwenyewe.

Justa kasema niipeleke kwa Antoni. Kasema huku anachambua dagaa, bila kuinua macho. Antoni! Fundi pikipiki wa mtaa huu, mzaliwa wa Ukerewe, aliyepeleka posa kwao kabla yangu. Mama alimkubali. Justa akanichagua mimi. Mama hajapona mpaka leo.

Nimemjibu kwamba mimi ni fundi cherehani. Waya ni uzi wa chuma tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimezifunga zile nyuzi kwa uzi wa nailoni, nikabana vizuri, nikapaka gundi. Kazi safi. Nimejipongeza. Kisha nikabana klachi mara moja. Tak! Umekatika wote. Mkono wa klachi sasa unacheza kama jino bovu.

Saa hiyohiyo Antoni kapita anapiga mluzi. Kauliza kama nahitaji msaada. Nimesema naisafisha tu. Kasema usafi ni jambo jema, shemeji.

Shemeji! Nani kampa undugu?

Jumatano, 5 Juni

Mjini, duka la vipuri la Vipul. Kaniuliza kwa upole kama nimekuja na waya wa zamani tulinganishe. Nimemwambia mtu anayepima suti kwa macho habebi vyuma chakavu mfukoni. Wateja wamecheka. Nilidhani wanacheka pamoja nami.

Nyumbani: mfupi! Unaanza vizuri kwenye usukani, unaishia hewani, injini ile pale inautazama. Kumbe nimechukua wa breki ya mbele. Nimeuvuta. Haurefuki. Justa kasimama mlangoni, kautazama, karudi jikoni. Heri angesema neno, nipate pa kukasirikia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi kwa Vipul, waya wa zamani nimeufunga kwenye gazeti. Kanibadilishia. Hakucheka. Hilo ndilo limeniuma.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeufunga! Juu umeingia kwenye mkono wa klachi, chini umeshika kwenye injini. Wa zamani ulipita kwa ndani, nyuma ya taa. Mimi nimeupitisha nje, unaonekana nadhifu zaidi. Kisha nimekaza nati mpaka mwisho.

Justa kauliza kama haitakiwi kulegea kidogo. Nimemuuliza kajuaje. Kasema Antoni aliwahi kusema waya ukikazwa mno klachi huungua. Nimeongeza kukaza. Mimi sijawahi kushona suruali inayolegea, sitaanza leo.

Nimezunguka uani. Inakwenda! Kuku wamekimbia. Nimepiga honi mara kadhaa, upande wa kibanda cha Antoni.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya kabisa.

Nimeondoka na shati jeupe. Tambarare, hakuna shida. Kufika kwenye mwinuko, injini inapiga kelele kama inakwenda Nairobi, gurudumu linatambaa kama linakwenda msibani. Nikikata kulia, waya unajivuta na pikipiki inapoteza nguvu kabisa. Mzee wa baiskeli, tenga la nyanya nyuma, kanipita. Kanisalimia! Igogo nimesikia harufu ya kuungua. Imezimika mbele ya wauza samaki, wote wamegeuka kutazama.

Justa kapiga simu. Mama kashashuka melini, kakalia mizigo yake, kuku kampakata, niko wapi? Nimesema niko njiani. Si uongo. Nilikuwa njiani, nimekaa juu ya jiwe.

Nikakaa sana. Halafu pikipiki ikasimama mbele yangu. Antoni. Justa alimpigia. Nyuma yake mama mkwe, kofia ya Antoni kichwani, kuku mkononi.

Nikasimama. Shikamoo, mama.

“Marahaba.” Kaangalia shati langu, kaangalia mikono yangu ya grisi. “Hii ndiyo pikipiki uliyoniambia?”

Ndiyo, mama.

“Twende, mwanangu,” kasema.

Hakuniambia mimi.

Jumapili, 9 Juni

Jana jioni Antoni kaivuta mpaka kwake, kabadilisha sahani za klachi zilizoungua, kaupitisha waya nyuma ya taa, kairudisha kabla ya chakula. Amekataa malipo, mshenzi. Mama kamkaribisha mezani. Mezani kwangu! Paja la kuku kapewa yeye. Mimi nimepewa shingo.

Leo baada ya ibada nilikuwa chumbani, pazia limeshuka. Nimemsikia mama akimuuliza Justa taratibu kama ana furaha hapa. Justa akakawia. Akakawia kiasi cha mtu kupanda na kuvuna.

“Nimemzoea, mama,” kasema.

Nimezoewa! Kama kikohozi. Sikujua neno dogo hivyo linaweza kumkalia mtu kifuani.

Baadaye wamelala mchana, nimetoka uani kuitazama pikipiki. Nimebana klachi. Nikagundua jambo. Mkono unacheza kidogo kabla ya kushika. Umelegea! Fundi mzima kaniachia kazi ya ovyo, makusudi, iniharibikie barabarani nirudi kwake kupiga magoti mbele ya mtaa mzima. Sasa nimemjua.

Mama anarudi Ukerewe Jumatano. Alishamwomba Antoni ampeleke bandarini. Nimeingia ndani nikamwamsha mama, nikamwambia asimsumbue mtu, nitampeleka mimi. Kaniangalia, kageukia ukutani. Nimechukulia kuwa kakubali.

Kisha nimechukua spana. Nimekaza nati mpaka ikagoma. Sasa iko sawa.