Malalamiko Dhidi ya Boti ya Mke Wangu

Ndugu Katibu wa Klabu ya Mashua,

Baada ya salamu na heshima unayostahili, nakuandikia nikiwa na umri wa miaka sabini na miwili na akili timamu. Naomba kikao kijacho kiifukuze boti ya injini iliyofungwa kwenye gati letu, nafasi ya nne. Mwenye boti hiyo ni mke wangu.

Wewe ni shahidi. Miaka thelathini na minne tumesafiri kwa tanga, mimi nahodha, yeye baharia. Mwezi wa tatu, bila hata kunishauri, mkunga huyu mstaafu alirudi nyumbani na ufunguo. Ufunguo wa kuendea baharini, Ndugu Katibu, kana kwamba bahari ni kabati. Tangu hapo Jumapili nakaribishwa kwenye boti yake kama mgeni, na Jumamosi bado natoka na mashua peke yangu, kama kawaida yangu, kwa msimamo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Boti hii inafika. Zamani tukitoka saa moja asubuhi kwenda kisiwani, tulifika saa saba, tena upepo ukiwa na huruma. Njiani tuligombana, tukapatana, tukawajadili wakwe wote mmoja mmoja. Sasa tunafika chai haijapoa na ugomvi uko nusu. Nina viporo vya ugomvi tangu mwezi wa nne.

2. Ina friji, pazia na choo chenye mlango. Chombo chenye pazia ni nyumba, na kanuni zetu haziruhusu mtu kufunga nyumba gatini.

3. Kwenye mashua, kila tukigeuza, boriti ya tanga hupita juu ya vichwa, nami hupaza sauti watu wainame. Mazoea yana tabu. Jumapili iliyopita mke wangu aligeuza usukani, nikapaza sauti, nikainama, na mkwe wetu mtiifu akainama pia, akagonga paji la uso kwenye friji (rejea namba 2). Boti ile haina boriti. Haina chochote cha kuogopesha, sasa mtu mzima ataheshimiwaje?

4. Nimevuliwa unahodha. Nilipotoa maoni kuhusu upepo, aliniambia nikae nisimzibie kioo, kwa sauti ileile aliyowatulizia wajawazito. Nikakaa. Hili linaniuma kuliko yote. Nikiwa nimekaa, sijui mimi ni nani.

5. Upepo usipohitajiwa utasusa. Ukisusa, klabu itakufa. Klabu ikifa, mji mzima utajaa watu wasiojua kusubiri, na lawama zitakuja kwako. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Basi naomba boti ifukuzwe, mwenyewe apewe onyo la maandishi, na onyo hilo apelekewe na mtu mwingine, si mimi.

Nisalimie mshona matanga, mama wa kantini, mlinzi wa gati na wanachama wote ambao bado wana msimamo.

Wako katika upepo,
Mwalimu Mkuu mstaafu, nahodha wa nafasi ya tatu

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado mezani jana, Jumamosi, nilipotoka na mashua. Upepo ulikufa karibu na miamba. Nikashika kasia, bega likagoma, na mkondo ukaanza kunipeleka. Niliogopa, sikufichi. Mke wangu akatokea na boti yake, akanirushia kamba, akanivuta hadi gatini. Nilipomuuliza alijuaje, akasema kila Jumamosi hunifuata kwa mbali, maana alijua sitasikia katazo la daktari la kutoka peke yangu. "Upepo siuwezi," akasema, "ndiyo maana nikanunua injini." Tafadhali malalamiko haya yasifike kikaoni. Na kama kwenye boti ile kuna nafasi ya baharia, niombee wewe. Mimi naona haya.